Kusoma Damu Ifakara

Tone la kwanza hufutwa. Lina mabaki ya spiriti na maji ya ngozi, halifai kitu. La pili, likijikusanya lenyewe juu ya kidole bila kukamuliwa kwa nguvu, ndilo linaloguswa na kioo. Kidole chenyewe ni cha pete, cha mkono wa kushoto, nacho huchomwa ubavuni, si katikati, kwa kuwa ubavuni hapaumi sana na mtu ana kazi za kufanya akitoka hapo. Mtoto mchanga huchomwa kisigino au dole gumba la mguu. Kisha kwa pembe ya kioo cha pili damu inazungushwa taratibu mpaka iwe duara la sentimita moja hivi. Unene wake una kipimo cha zamani ambacho hakijapata mrithi: weka kioo juu ya gazeti kabla damu haijakauka. Maandishi yakisomeka vizuri, damu ni chache mno. Yasiposomeka kabisa, ni nyingi mno na itabanduka ikiingia kwenye rangi. Yasomeke kwa taabu, hapo pamefaa.

Nimeanzia kwenye kidole makusudi. Habari za Ifakara na bonde la Kilombero, zikiandikwa, kwa kawaida huanzia kwa wageni. Wabenediktini wa Kijerumani waliondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1921 wakaja Wakapuchini wa Uswisi pamoja na masista wa Baldegg. Masista ndio walioshika kazi ya kufunga vidonda na kuzalisha, na kutokana na mikono yao ikakua Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo leo ni ya rufaa. Mwaka 1949 akafika Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, mwanzilishi wa taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya tropiki. Mwaka 1957 akafungua Ifakara maabara ndogo ya utafiti, na mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundishia wahudumu wa afya wa vijijini. Maabara ile ndiyo mama wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo jina lake linajulikana popote watu wanapozungumza malaria.

Yote hayo ni kweli na yanastahili heshima yake. Lakini padre akiugua, sista akiwa na mtoto anayetetemeka mikononi, profesa akitaka kuthibitisha jambo alilolisafiria bahari, kila mmoja kwa zamu yake alifika mlangoni pa chumba kidogo akauliza swali lilelile: kioo kinasemaje? Aliyekuwa na jibu ni mtu aliyeketi kwenye kigoda, jicho kwenye hadubini, mgongo umeinama. Huyo ndiye ninayetaka kumtazama kidogo.

Kwanza damu ikauke. Kioo hulazwa mahali tambarare, mbali na vumbi, mbali na nzi. Nzi na mende wanaila damu ya kioo; ukiacha trei wazi usiku, asubuhi unakuta duara lina matundu na mgonjwa lazima aitwe tena. Jua nalo ni adui, maana joto huigandisha damu nene ikakataa kufanya kinachotakiwa. Masika, bonde likiwa limejaa maji na hewa yenyewe ni maji, kukausha kioo kimoja kunaweza kula muda mwingi kuliko kukisoma. Na hapo kuna kuvu. Kuvu wa Kilombero hawachagui. Wanaota kwenye viatu, kwenye vitabu, na kwenye lenzi. Ndiyo maana hadubini iliyotunzwa vizuri hulala ndani ya sanduku lenye taa ndogo inayowaka usiku kucha, au lenye punje za kunyonya unyevu. Ukitaka kujua maabara ina mtu makini au haina, usiulize vyeti. Uliza hadubini inalala wapi.

Juu ya kioo kimoja huwa pana tabaka mbili, nene na nyembamba. Ile nyembamba hugandishwa kwa methanoli ili chembe nyekundu zibaki na umbo lake. Ile nene haiguswi na methanoli hata kwa mvuke, kwa sababu siri yake ni kupasuka: maji ya rangi yakiingia, chembe nyekundu zinapasuka na kuondoka, zinabaki chembe nyeupe, vigandisha damu, na vimelea kama vipo. Kwa hiyo damu nyingi inakusanywa mahali padogo, halafu msitu unafyekwa ili mnyama aonekane. Rangi ni ya Giemsa, kwa jina la mkemia wa Hamburg aliyeitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu hapo haijabadilika kwa kiasi cha kutajwa. Maji ya kuichanganyia yana masharti. Yakiwa na asidi, kila kitu kinaelemea wekundu na vimelea vinafifia. Yakielemea magadi, uwanja wote unakuwa buluu. Maji ya kisima hayaaminiki, hivyo huwekwa kidonge cha kuyasawazisha mpaka pH yake ifike 7.2. Rangi ya asilimia 10 hukaa dakika 10 hivi. Ya asilimia 3 hukaa nusu saa na zaidi, na ndiyo nzuri ikiwa hakuna mtu anayegombana nawe dirishani.

Kuondoa rangi ni mtihani mwingine. Aliye na haraka huinamisha kioo na kuimwaga, na ule utando wa juu unaong'aa unashuka na kukaa juu ya damu. Aliyefundishwa vizuri humimina maji taratibu pembeni mpaka utando uelee na kuondoka wenyewe. Tofauti ya wawili hawa haionekani kwa macho. Inaonekana baadaye, chini ya lenzi, kwenye vijidoa vyeusi vinavyomfanya msomaji dhaifu aandike malaria isiyokuwepo.

Katika maabara moja ya bondeni niliwahi kumtazama mama wa makamo akifanya kazi hii. Mzazi mmoja alikuja na mtoto mgongoni, akapitisha karatasi yake dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Homa ina siku ya ngapi?"

"Ya tatu. Nisubiri hapa hapa?"

"Kaa kivulini. Damu haikimbizwi."

Akarudi kwenye hadubini. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye kirekebishi kidogo na haukutulia hata mara moja. Ulikuwa ukienda mbele na nyuma, kiasi cha unywele, muda wote. Nikadhani ni mazoea tu. Baadaye nikaelewa. Uchafu wa rangi hukaa juu ya damu, kimelea kimo ndani yake. Ukizungusha kidogo, uchafu unang'aa na damu inapotea. Ukirudisha, damu inatokea na uchafu unafifia. Ule mkono ulikuwa unauliza swali moja mfululizo: wewe uko juu au uko ndani? Macho yake yote mawili yalikuwa wazi. Mkono wa kulia ulisogeza kioo kama mtu anayepalilia mpunga, mstari kwa mstari, bila kurukia panapopendeza.

Anachokitafuta ni vitu viwili vikiwa pamoja: kijidoa chekundu, ambacho ni kiini, na buluu nyepesi inayokizunguka au kukishika. Chekundu peke yake si kitu. Buluu peke yake si kitu. Kimelea kichanga cha Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kikuu huku kwetu, huonekana kama pete, na katika tabaka nene pete nyingi zimekatika, zimebaki vipande. Kile kilichokomaa, kinachongoja kuchukuliwa na mbu, kina umbo la ndizi na hakina udanganyifu. Akivipata, anavihesabu. Kidole kimoja kinabonyeza kihesabio kwa kila kimelea, kingine kwa kila chembe nyeupe, mpaka chembe nyeupe zifike 200. Mikrolita moja ya damu hukadiriwa kuwa na chembe nyeupe 8,000, kwa hiyo anazidisha kwa 40. Vimelea 50 ni 2,000 kwa mikrolita. Hesabu ya darasa la nne, lakini daktari anaamua dawa juu yake.

Sasa nirudi kwa wageni, safari hii wale wanaokuja wawili wawili, mume na mke, kwa maana nao wanahusika na kioo.

Wakatoliki wa Ifakara hawakutuletea mume na mke. Padre na sista hawana ndoa. Jozi za ndoa zilikuwa desturi ya Waprotestanti, kama Johannes Rebmann aliyekaa Rabai kuanzia 1846 hadi 1875, sehemu ya miaka hiyo akiwa na mkewe Emma. Bondeni kwetu serikali ya kikoloni nayo iliwahi kuleta jozi yake: A. T. Culwick, ofisa wa utawala, na mkewe G. M. Culwick, waliochapisha mwaka 1935 kitabu juu ya Wabena wa mitoni, humo Mtema Towegale Kiwanga akiwa ameandika sura yake mwenyewe. Siku hizi hospitali nyingi za misheni Tanzania hupokea wazee wastaafu, mume na mke, wanaokuja kwa mwaka mmoja au miwili wakiwa wamekwisha kulea na kuzika. Mmoja alikuwa fundi wa mitambo au muuguzi, mwenzake mwalimu au mhasibu. Wanapewa nyumba ya misheni yenye neti madirishani, baiskeli mbili, kwa kuwa Ifakara ni mji wa baiskeli, na jina jipya, Babu na Bibi, kabla hata hawajafungua masanduku.

Maisha yao ya kila siku si ya kuandikia riwaya. Bibi anakwenda sokoni mapema kabla jua halijashika, anajifunza kutofautisha mchele wa mwaka huu na wa mwaka jana, anazoea kitoga na kambale, anaelewa kwa nini salamu haziwezi kuruka kutoka "hujambo" mpaka "naomba kilo mbili". Babu anashinda karakana na kitanda cha upasuaji kilichokataa kupanda. Wale wanaodumu, kwa niliowaona, ni wale waliokubali kufundishwa na watu wa umri wa wajukuu wao. Wale wasiodumu walikuja na majibu. Barua wanazopeleka kwao, kwa marafiki na parokia zinazowachangia, zina shida moja isiyo na dawa: lazima ziwe na tukio. Mtoto aliyepona, kisima kilichochimbwa. Siku 300 ambazo hakikutokea cha kuandika, hazina mahali pa kuwekwa.

Jozi zilizoacha alama kubwa zaidi Ifakara hazikuwa za umisheni, ingawa zilifanya kazi ubavuni mwa hospitali ya misheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwapo Pedro Alonso na mkewe Clara Menéndez, madaktari kutoka Hispania. Alonso aliongoza jaribio la chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, kwa watoto 586 wa kijiji cha Idete. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, chanjo ilikuwa imezuia asilimia 31 ya malaria. Menéndez naye aliwafuatilia watoto wachanga 832 wa Ifakara, na mwaka 1997 akaonyesha kwamba dawa ya kinga ya malaria katika miezi ya mwanzo ilipunguza malaria na upungufu mkubwa wa damu kwa zaidi ya nusu. Baada yao wakaja mume na mke wengine, David Schellenberg na Joanna Armstrong Schellenberg. Mume alisimamia utafiti wa kuwapa wachanga dozi za kinga siku za chanjo za kawaida. Mke alikuwa miongoni mwa walioongoza tathmini ya vyandarua vya "Zuia Mbu" katika Kilombero na Ulanga, iliyoonyesha mwaka 2001 kwamba uhai wa watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27.

Majina hayo yamo katika majarida makubwa, na ni haki yao. Lakini ile asilimia 31 ya Idete imetoka wapi? Imetoka kwenye vioo. Kila mtoto aliyeletwa na homa alichomwa kidole, na mtu aliketi akasoma. Katika utafiti wa aina hiyo kioo husomwa na wawili ambao hawaoneshani majibu, na wakitofautiana anaitwa wa tatu. Msomaji hajui kama mtoto huyu alipata chanjo ya kweli au ya bandia. Angekuwa na huruma na chanjo, namba ingepanda. Angekuwa mchovu, ingeyumba. Ilibaki 31, namba ya kiasi, isiyomfurahisha mtu sana. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga, chanjo ikaachwa, na hakuna aliyelazimika kuona aibu kwa namba iliyotoka Idete. Mimi naona hiyo ni sifa kubwa kuliko namba kubwa.

Kazi ngumu kabisa katika ufundi huu, hata hivyo, si kuhesabu vimelea. Ni kioo kisicho na kitu. Chenye malaria kali hujitangaza. Viwanja viwili vya lenzi vinatosha, ukaanza kubonyeza. Kisicho na kitu kinadai viwanja 100 kabla hujaruhusiwa kuandika kwamba hukuona. Uwanja wa 40 shingo inauma. Uwanja wa 60 mama wa mtoto anachungulia dirishani. Uwanja wa 70 mawazo yamehamia kwenye ada ya shule. Na hakuna mtu duniani anayeweza kujua kama uliishia 70. Jibu litakuwa lilelile, karatasi ileile, na mara nyingi litakuwa sahihi. Ile mara moja ambayo halitakuwa sahihi, kimelea kilikuwa kwenye uwanja wa 83.

Hapo ndipo ninapowafananisha msomaji wa damu na wale wazee wa nyumba ya misheni katika siku zao 300. Anayetoka kwao kuja kukaa mbali hutarajia vioo vilivyojaa. Anapewa viwanja vitupu, kimoja baada ya kingine, na kuulizwa kama atavitazama vyote.

Watu husema ufundi huu umepitwa. Kweli, vipimo vya haraka vya malaria vimefika mpaka zahanati za Mlimba na Malinyi: tone la damu, matone ya dawa, dakika 15, mistari miwili au mmoja. Vimeokoa watu wengi ambao hapo zamani wangengoja kivuko cha mto Kilombero kabla daraja la mita 384 halijafunguliwa mwaka 2018. Sina ugomvi navyo. Ila vina tabia mbili. Kwanza, hufuata masalia ya kimelea damuni, hivyo mtu aliyekwisha kupona anaweza kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa. Pili, hujibu vilichoulizwa tu. Ukikiuliza kipimo habari za malaria, kinajibu malaria au si malaria.

Jicho halina adabu hiyo. Katika miaka ya Geigy moja ya mambo yaliyomkalisha bondeni ni papasi, wale wadudu wanaojificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, wanatoka usiku, wananyonya na kurudi kabla mtu hajaamka, na wanaweza kukaa miaka bila kula. Homa wanayoileta huondoka na kurudi, nayo iliua mapema mmoja wa waliogundua kwamba papasi ndiye mwenye hatia, Mwingereza Joseph Dutton, aliyekufa Kongo mwaka 1905. Mwaka huohuo Robert Koch alikuwa huku Afrika Mashariki akiwachunguza papasi wa nyumba za kulala wasafiri. Bakteria wa homa hiyo ni uzi mwembamba uliojipinda, na rangi ya Giemsa humshika vizuri katika tabaka nene. Msomaji aliyetumwa kutafuta malaria, akiwa uwanja wa 20 au wa 90, anaweza kukutana naye amelala kati ya chembe nyeupe. Hakuagizwa kumtafuta. Anaandika jina lake kwenye fomu, pembeni, mahali pasipo na kisanduku.

Sasa kompyuta nazo zinafundishwa kusoma damu. Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere, wataalamu wa akili unde wameunganisha simu na hadubini, simu inapiga picha na programu inatafuta vimelea. Ili programu ijue kimelea ni nini, mafundi wa maabara walikaa na maelfu ya vitu ndani ya picha, wakikizungushia kisanduku kila kimelea walichokitambua. Programu inajua walichojua wao, na mipaka yake ni mipaka yao.

Wao wenyewe hupimwa. Shirika la Afya Duniani lina mtihani wa kimataifa wa wasomaji wa damu, dakika 10 kwa kioo, na katika sehemu ya kutambua vimelea vioo vingi vimewekwa vitupu kwa makusudi. Mtu aliyetoka mbali kuja kufanya mtihani, akijua cheti kinamngoja, akitazama uwanja mtupu juu ya uwanja mtupu, huanza kushawishika kwamba lazima kuna kitu amekikosa. Anayeandika kimelea mahali ambapo hakipo hupoteza maksi sawasawa na aliyekipita kilipokuwepo.